Fundi Ajibu: Taa nyekundu inapepesa, runinga haiamki

*Shikamoo fundi. Runinga yangu ni bapa, inchi 32, ina miaka saba. Ilianza kwa kuchelewa kuwaka. Nabonyeza rimoti, nasubiri dakika mbili. Baadaye ikawa tano, mwishowe robo saa. Sasa haiwaki kabisa. Taa nyekundu inapepesa na ndani nasikia tiki, tiki, tiki. Mita ninayo, kulehemu najua kiasi. Shemeji ananikataza nisiifungue, eti inaua hata ikiwa imechomolewa. Jirani anasema ninunue bodi nzima ya pawa, nisijisumbue. Nimsikilize nani?*

Marahaba. Msikilize shemeji kwanza, jirani mwache kidogo.

Shemeji hajakosea. Umeme wa ukutani, volti 230 za mkondo geu, ukishapita kwenye fyuzi unanyooshwa na dayodi nne, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kisha unajaa ndani ya kapasita moja kubwa, yaani kopo la kuhifadhi chaji, nene kuliko kidole gumba, ubavuni imeandikwa 450V. Hapo pana volti kama 320 za mkondo mnyoofu, na kwenye runinga nyingi kubwa zinapanda mpaka 390 hivi ikiwa inafanya kazi. Ukichomoa plagi, chaji haiondoki nayo. Mara nyingi inajimwaga yenyewe taratibu, lakini bodi yenye hitilafu ndiyo hasa inayobaki imeshiba.

Nilipokuwa najifunza kazi nilichomoa runinga ya mteja, nikaongea na watu kidogo, nikarudi nikaishika bodi kwa kuinyanyua. Kidole changu kikagusa miguu ya kapasita hiyo kwa chini. Mshtuko wenyewe niliumeza, nikabaki na alama ndogo nyeupe kidoleni. Kilichoniumiza ni kiwiko: kiliruka nyuma kikatua kwenye kona ya kioo. Nilikuja kutengeneza pawa, nikaishia kulipa kioo. Tangu siku hiyo nina rezista yangu, yaani kizuia umeme, ya kilo-omu 10, wati 5, nimeiunga waya mbili zenye ngozi nzito na kuivalisha mrija wa plastiki. Naigusisha kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa, nahesabu mpaka kumi, kisha napima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 5 ndipo naweka mkono. Usitumie bisibisi kuunganisha ile miguu. Cheche yake inakula ncha ya bisibisi na inaweza kung'oa njia ya shaba kwenye bodi.

Kwa hiyo laza runinga kifudifudi juu ya blanketi, mezani, pasiwe na kifungo wala skrubu chini ya kioo. Fungua mgongo, toa chaji, pima, halafu angalia kwa macho tu kabla ya kitu kingine chochote.

Nakwambia uangalie kwa sababu barua yako imeshanipa nusu ya jibu. Bodi iliyopigwa na umeme mkubwa hufa papo hapo. Hii yako imekuwa ikichelewa kidogo kidogo kwa majuma, kama mzee anayeinuka mkekani. Huo ni mwendo wa kapasita zilizokauka. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani; joto likiyakausha, ukinzani wake wa ndani unapanda, nazo zinashindwa kulainisha umeme. Asubuhi zikiwa baridi ni mbaya zaidi, zikipata joto zinajikongoja. Ndiyo maana ulikuwa unasubiri na mwishowe inawaka. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita mbovu zilijaa kwenye vifaa vya kila namna duniani, na mafundi wa rika langu tulijifunzia kazi kwenye makosa hayo.

Tafuta upande wa pili wa transfoma, ule wenye kebo inayokwenda bodi kuu, ile inayoshughulikia picha na sauti. Utaona kapasita ndogo zimesimama kwa safu, nyingi za maikrofaradi 470 au 1000, volti 10, 16 au 25. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama sarafu. Weka taa pembeni uangalie kivuli: iliyovimba inaonekana hata kama imeinuka kidogo tu, na mara nyingine chini yake kuna utando wa kahawia. Usichanganye na ile gundi ya rangi ya maziwa au njano ambayo kiwanda huimwaga kushikilia vitu. Gundi hiyo si dalili ya kapasita kuvuja.

Zikiwa zimevimba, umepata. Zikiwa bapa zote, bado usizisafishe jina. Nimetoa nyingi zenye kichwa kizuri, mita ikazisoma maikrofaradi karibu zote, na bado zimekufa, kwa sababu ugonjwa uko kwenye ukinzani, na kipimo cha kawaida cha kapasita hakiuoni.

Basi tupime. Sasa runinga itakuwa na umeme, kwa hiyo mkono mmoja nyuma ya mgongo, viatu mguuni, watoto nje ya chumba. Kijiti cheusi cha mita kibane kwenye bati la mwili wa runinga, maana huo ndio upande wa baridi wa bodi, uliotengwa na umeme wa ukutani. Upande wa moto, wenye kapasita kubwa, una hasi yake mwenyewe, na ukipimia kwenye bati utapata namba za ajabu zitakazokupoteza. Kwenye soketi ya kebo soma maandishi: 5VSB, au STB, au 5VS. Hiyo ndiyo volti ya stendibai, inayokuwepo muda wote plagi ikiwa ukutani. Inatakiwa kuwa 5, kwenye baadhi 3.3. Wewe nadhani utaona inachezacheza, tatu na kitu, nne, inashuka kila ukisikia tiki. (Runinga nyingine za siku hizi hazina njia hii kabisa, zina volti 12 moja inayotoka muda wote. Soma bodi yako kabla ya kuilaumu.)

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa bodi nzima. Wanachomoa kebo ya bodi kuu, wanapima, wanakuta 5 kamili, wanasema: kumbe pawa nzima, mbovu ni bodi kuu. Taratibu. Mtu aliyekaa chini haonyeshi kama ana nguvu za kubeba gunia. Mpe mzigo. Chukua rezista ya omu 10, wati 5, iunge kati ya ile 5V na hasi ya baridi. Inavuta nusu ampea. Usiishike kwa vidole, inapata moto. Volti ikibaki 5 au 4.9, pawa saplai yako ya stendibai ina afya, na shaka ihamie bodi kuu. Ikiporomoka kwenda 3, ugonjwa uko hapo hapo kwenye bodi ya pawa na bodi kuu inasingiziwa.

Kwenye kubadilisha kapasita, maikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe zilezile au zaidi kidogo. Palipokuwa na 10V mimi naweka 16V kama inatosha kimo na unene. Iandikwe 105°C, na iwe ya aina ya ukinzani mdogo iliyotengenezwa kwa pawa saplai. Ile ya kawaida uliyochomoa kwenye redio ya zamani itakaa siku chache ivimbe tena. Mstari wenye alama ya kutoa ubavuni ni hasi. Piga picha kabla ya kung'oa, maana alama ya bodi siyo kila mara inamaanisha hasi. Kuna viwanda vinavyopaka upande wa hasi rangi nyeupe, na kuna vinavyoandika chanya. Kapasita iliyogeuzwa hupasuka, na harufu yake haitoki chumbani kwa siku mbili.

Mguu mmoja utakusumbua kutoka, ule uliokaa kwenye uwanja mpana wa shaba, kwa sababu shaba inanyonya joto lote. Ongeza lehemu mpya kidogo juu ya ya zamani, zikichanganyika zitayeyuka pamoja na mguu utatoka bila kung'oa pete ya shaba. Badilisha zote za safu ile, hata zinazoonekana nzima. Kisha vuka upande wa moto, umwone kapasita mdogo mmoja aliyejificha karibu na IC ya stendibai, kile kidude cheusi chenye miguu kinachoendesha ile 5V: maikrofaradi 22 au 47, volti 50. Ndiye anayelisha IC hiyo. Akikauka, IC inaamka, inakosa chakula, inazima, inaamka tena. Ile tiki-tiki yako inaweza kuwa yeye, na wengi wanamsahau kwa sababu havimbi.

Ukimaliza hayo, 5V ikasimama hata chini ya mzigo, lakini runinga bado haiwaki, pima waya ulioandikwa PS-ON huku ukibonyeza rimoti. Bodi kuu ikitoa amri, volti hubadilika pale. Amri ikija lakini 12V ya kuendesha runinga haitokei, rudi kwenye bodi ya pawa. Amri isipokuja, pawa haidaiwi kitu. Hapo ndipo nitampa jirani yako haki ya kuzungumzia kununua bodi, ila siyo ile aliyoitaja.

*Fundi, fyuzi ya ndani ya runinga yangu imeungua mara mbili. Ya tatu sikuwa nayo, nikaweka uzi mmoja wa waya ya shaba. Ikalia pwaa, moshi, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Niko salama. Niendelee vipi?*

Usiendelee, ndugu yangu. Anza upya.

Fyuzi ile ya kwanza ulikuwa na nafasi ya kuisoma. Kioo chake kikiwa cheupe na uzi umekatika katikati, huenda ilichoka. Kikiwa cheusi kama masizi, kuna mahali umeme umepata njia ya mkato, na hata uweke fyuzi kumi zitakufa kumi. Uzi wa shaba uliigeuza njia yote ya shaba kwenye bodi kuwa fyuzi.

Plagi ikiwa nje na chaji imetolewa, weka mita kwenye alama ya dayodi. Zile dayodi nne kila moja isome kama 0.5 au 0.6 upande mmoja, na isisome kitu upande wa pili. Ikilia kote kote, imekufa. Angalia na kile kidude cha duara kama kitufe cha shati, cha bluu mara nyingi, kilicho baada ya fyuzi. Hicho ni varista, na umeme ukipanda sana hujitoa mhanga. Kikiwa kimepasuka au kina doa jeusi, kitoe. Kisha pima transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoozea, kati ya mguu wa kati na wa mwisho. Ukikuta moja imeshikana, usiibadilishe peke yake. Fuata mguu wake mpaka rezista ndogo sana, omu 0.22 au karibu na hapo, na IC inayoiongoza. Huwa zinakufa pamoja, na transista mpya ikiwekwa kati ya maiti mbili haimalizi sekunde.

Siku ya kujaribu, badala ya fyuzi unga balbu ya zamani yenye uzi ndani, wati 60 au 100. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ikiwaka mara moja na kufifia, kapasita kubwa imejaa na njia ya mkato haipo. Ikibaki inang'aa, zima, rudi mezani, hujaunguza kitu. Ikififia, balbu itoke na irudi fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye bodi.

*Sauti ipo, chaneli zinabadilika, picha hakuna, kioo cheusi. Nibadilishe pawa?*

Hapana, kwanza zima taa za chumba, mulika tochi kwenye kioo kwa ulalo, karibu kabisa. Ukiona vivuli vya watu vinatembea, picha ipo, na taa za nyuma ndizo zilizokufa. Zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikatika mstari mzima unazima. Ukipima kwenye soketi yake kuwa mwangalifu, maana ikiwa wazi inaweza kupanda zaidi ya volti 100. Kuzifikia lazima unyanyue kioo, kazi ya watu wawili, na zile karatasi nyeupe zilizo chini yake zipige picha moja moja kabla ya kuzitoa. Zinafanana zote, lakini moja ikirudi imegeuka, picha yako itakuwa na mawingu.