Siku ya kutangazwa riba, usikimbilie soko

Swali ninaloulizwa sana na wawekezaji wapya ni hili: benki kuu imeshusha riba, mbona hisa zimeporomoka? Linastahili jibu makini, maana wengi huuza kwa hofu dakika ileile na kupoteza fedha za jasho lao.

Soko halisubiri tangazo ndipo lipange bei. Makisio ya uamuzi huwa yameshaingia kwenye bei za hisa siku nyingi kabla. Kinachoziyumbisha ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichosemwa. Tarehe 18 Desemba 2024, Benki Kuu ya Marekani ilipunguza riba kwa asilimia 0.25, kama wengi walivyotarajia. Hata hivyo S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilishuka karibu asilimia 3. Kisa kilikuwa kwenye makadirio: mwezi Septemba maofisa walionyesha kwamba mwaka 2025 riba ingepunguzwa kwa asilimia 1 nzima, sasa wakaonyesha nusu yake tu.

Taarifa ya benki hiyo hutoka saa nane mchana, saa za New York, na mwenyekiti wake huanza kuzungumza na waandishi saa nane na nusu. Nusu saa hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi. Kompyuta huisoma taarifa na kuanza kununua au kuuza kabla wewe hujamaliza aya ya kwanza. Wengi huondoa oda zao, kwa hiyo pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia hutanuka. Ukiagiza kwa bei yoyote iliyopo sokoni, unaweza kuuziwa kwa bei ambayo hukuiona kwenye skrini. Hata oda ya kuzuia hasara, yaani inayouza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, inaweza kukutoa bei ikiwa chini kabisa, kisha ikapanda bila wewe. Siku hizo mimi huweka oda yenye ukomo wa bei, au sigusi kitu mpaka mwenyekiti amalize.

Akimaliza, bado ninangoja kesho. Tarehe 4 Mei 2022 riba ilipandishwa kwa asilimia 0.5, na Jerome Powell, mwenyekiti wa benki hiyo wakati huo, akasema kupandisha kwa 0.75 si jambo walilokuwa wakilifikiria kwa dhati. Hisa zikapanda karibu asilimia 3. Siku iliyofuata zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 3.5, na Juni hiyo 0.75 ikaja kweli.

Punguzo la dharura lina mambo yake. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 riba ilishushwa hadi karibu sifuri, na Jumatatu S&P 500 ikapoteza karibu asilimia 12. Soko lilikuwa limeshashikwa na hofu ya janga la korona, na hatua ya ghafla namna ile iliongeza wasiwasi.

Kwa hiyo, kabla ya kufanya lolote, fungua taarifa mpya na ile ya mkutano uliopita, uzisome sambamba mstari kwa mstari. Angalia wameondoa neno gani kuhusu mfumuko wa bei au ajira. Na kama fedha hizo utazihitaji miezi michache ijayo, hazikupaswa kuwa kwenye hisa, iwe kuna tangazo au hakuna.