Hadi diski (hard disk) kwenye Tandy 1000 SX: kadi yako si mbovu

Msomaji aliyeko Marekani ameniandikia. Kanunua Tandy 1000 SX, kompyuta ya zamani, kachomeka kadi ya XT-IDE (inayoiunganisha na hadi diski) yenye CF, yaani CompactFlash, kadi ya kumbukumbu inayotumika kama diski. DOS ikawaka bila matata. Ila kila akifungua gemu la rangi 16, mashine inaganda au diski C inapotea. Muuzaji kamwambia kadi ni mbovu, anunue nyingine. Asinunue. Ushauri wa namna hiyo unamaliza watu hela, na tatizo lenyewe linaondoka kwa kubadili neno moja kwenye menyu.

SX ilitoka 1986: prosesa 8088-2 ya 7.16 MHz, sloti tano za biti 8, kumbukumbu ya KB 384 inayoongezwa hadi 640. Kinachoitofautisha na IBM XT ni kwamba picha za skrini hazina kumbukumbu yao. Zinakatiwa sehemu ya juu ya kumbukumbu hiyohiyo ya mashine, na gemu likitaka rangi 16 linachukua KB 32 pale kileleni. Sasa bayosi ya XT-IDE, yaani XTIDE Universal BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi ya kuendeshea diski, ikiwa kwenye mpangilio uitwao Full operating mode, nayo inajitengea KB 1 kileleni kuhifadhi taarifa za diski. Picha inachorwa juu ya taarifa hizo, na diski inasahaulika gemu likiwa linaendelea.

Dawa: washa mashine kwa flopi ya DOS, fungua XTIDECFG.COM (programu ya kurekebisha bayosi hiyo), chagua kusoma bayosi kutoka kwenye EEPROM, yaani chipu ya kadi inayoihifadhi, geuza Full operating mode iwe N, kisha iandike tena kwenye EEPROM. Taarifa zitahamia chini kabisa, kwenye mwisho wa jedwali la vekta za intarapti (orodha ya anwani iliyo mwanzo wa kumbukumbu), ambako skrini haifiki. Utakosa diski za kupitia waya wa siriali na kontrola (kadi ya kuendeshea diski) ya pili, vitu ambavyo wengi wenu hamtavigusa. Tandy zilizoongezwa hadi KB 768 hazihitaji hatua hii. Kabla ya kuandika EEPROM, hakikisha jampa ya kadi imewekwa kuruhusu uandishi, la sivyo programu italalamika na wewe utaanza tena kulaumu kadi. Chipu yenyewe mara nyingi ni 28C64, ya KB 8.

Kwa anayeanza kabisa, msinunue kontrola za enzi zile kwa ajili ya SX. Nyingi zinatumia IRQ 5 (IRQ ni njia ya kifaa kumwita prosesa), na kwenye Tandy IRQ 5 imeshashikwa na skrini. Itabidi uhangaike na swichi ndogo za kwenye bodi mama. Halafu sloti za Tandy zinapokea kadi ya inchi 10 tu, ile ndefu ya XT haiingii. XT-IDE ni fupi, haitumii IRQ wala DMA (kuhamisha data bila kupitia prosesa). Prosesa inauliza diski yenyewe na kubeba data yenyewe.

Kuna aina mbili zinazochanganywa kila siku. XT-IDE kamili ina chipu za kuunganisha baiti mbili kuwa neno la biti 16, kwa hiyo inaendesha hadi diski za kawaida na CF. XT-CF haina chipu hizo. Inategemea CF kukubali kufanya kazi kwa biti 8. Ukiifungia hadi diski ya kawaida kwa adapta, haitasoma kitu.

Kazi ya mikono ni fupi. Zima, chomoa waya wa umeme, weka anwani ya ROM D000h na bandari 300h, sukuma kadi hadi ikae sawa. Ukingo mwekundu wa kebo uende pini 1. Adapta ya CF iwe kwenye master (diski ya kwanza kwenye kebo) na volti 5. Ukiwasha ukaona bandari 300h inatajwa lakini diski haikupatikana, angalia umeme wa adapta kwanza: baadhi ya kadi hupeleka volti 5 kwenye pini 20, nyingine hazipeleki, na hapo adapta inataka waya wake wa umeme. Kama una kadi ya mtandao ya NE1000, nayo huja ikiwa kwenye 300h. Hamisha mojawapo.

Usipoona maandishi yoyote ya bayosi, washa kwa flopi, fungua DEBUG (programu ya DOS ya kutazama kumbukumbu), andika D D000:0. Baiti za kwanza ziwe 55 AA 10. Hizo mbili za kwanza ndizo alama ambayo mashine huitafuta. 10 ni vipande 16 vya baiti 512, yaani KB 8. Ukiona FF tupu, kadi haijibu kwenye anwani hiyo au EEPROM haijaandikwa.

Patisheni (sehemu za diski) zigawe kwenye Tandy yenyewe, si kwenye laptopu, kwa sababu hesabu ya silinda na vichwa inaweza kutofautiana. DOS 3.3 inaishia MB 32 kwa patisheni. DOS 5 inakubali kubwa, lakini usiwe na pupa: patisheni ya MB 512 ina klasta (kipande kidogo kabisa ambacho faili hupewa) za KB 8, faili la baiti 300 linakula KB 8 nzima, na DIR ya kwanza baada ya kuwasha inasubirisha wakati 8088 inahesabu nafasi iliyobaki.

CF iliyotoka kwenye kamera ina mtego wake. Sekta ya kwanza ina alama ya 55 AA lakini mara nyingi haina programu ya kuwashia, na FDISK, programu ya DOS ya kugawa patisheni, ikiona alama hiyo haiandiki programu mpya. FORMAT C: /S itakamilika, mashine haitawaka. Kwenye DOS 5 andika FDISK /MBR. DOS 3.3 haina amri hiyo, kwa hiyo futa sekta ya kwanza kwenye kompyuta ya Linux kwa amri ya dd, baiti 512 za sifuri, ukihakikisha mara mbili jina la diski kabla ya kubonyeza Enter, kisha rudi kwenye FDISK.

Mkibadilisha prosesa ya 8088 kwa NEC V20, prosesa inayoingia mahali pake, chukueni ile ya 8 MHz, kisha andikeni upya EEPROM kwa ide_xtp.bin badala ya ide_xt.bin; inatumia amri za V20 za kusafirisha data kwa mfululizo. Na Full operating mode muigeuze tena iwe N, maana faili jipya linakuja na mipangilio yake.