Hamisi, anzeni na duara la njano

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wewe na wenzako wawili mnataka kutengeneza gemu ya simu, mchezaji avue dagaa usiku ziwani kwa taa. Unauliza kazi hiyo inaanzia wapi na inapita mikono ya nani, mpaka siku mtu wa Kasulu anaishusha kwenye simu yake. Umeongeza kwamba mmejipa miezi mitatu na mmeshaanza kuchora boti. Nakuomba hapo kwenye kuchora msimame kwanza.

Ile miaka sita niliyokaa Nairobi nikiajiriwa kujaribu magemu, niliona moja ikichorwa kwa miezi 14. Ilipendeza mno, maji yake yalimeta hata ungetaka kunawa. Siku watu wa nje walipopewa simu washike, dakika mbili hazikuisha wengi wameirudisha mezani. Hapakuwa na kosa la kunyooshea kidole. Mchezaji hakupewa tu kitu cha kufanya ambacho angetamani kukirudia. Mimi hilo nililiona mwezi wa tatu nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini. Gemu ile haikutoka, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Ndiyo maana wewe sikunyamazii.

Tengenezeni kwanza kitu cha kuchezeka, hata kiwe na sura mbaya. Taa iwe duara la njano, dagaa wawe nukta, wavu uwe mstari. Alexey Pajitnov alipotengeneza Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, huko Moscow mwaka 1984, kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vile vipande alivipanga kwa alama za maandishi. Watu waliomzunguka walishindwa kuiacha hivyo hivyo.

Ya kwenu nimeijaribu bila kompyuta. Jumapili nilitandika mkeka uani nikamwita mjukuu wa jirani, ana miaka tisa. Kisoda kikawa taa, maharage yakawa dagaa, kamba ikawa wavu, na mimi nikawa ndiyo simu: kila nikihesabu tatu nasogeza maharage yakaribie kisoda. Mara ya kwanza akasubiri yote yafike, akavuta, akapata yote. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akawa anaangalia kuku.

Ndipo nikakumbuka mwezi. Wewe umekulia hapa, unajua mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, maana taa haifui dafu mbele ya mwanga ule na dagaa hawakusanyiki. Nikaleta sahani nyeupe, nikaiweka pembeni mwa mkeka, kila zamu naisogeza kidogo. Ikifika katikati, maharage yanatawanyika. Mtoto akapiga magoti. Avute sasa akiwa na kumi, au asubiri yawe ishirini na huku mwezi unapanda? Alirudia mara kumi na moja, mpaka bibi yake akaja kumchukua. Gemu yenu imo mle kwenye kusitasita kwake. Boti haijahitajika bado.

Na ziwa limeshawapangia ngazi. Mwezi ukishapita kujaa, kila usiku huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo giza la mwanzo wa usiku linazidi kurefuka. Ninyi zipangeni kinyume: mchezaji aanze na usiku wenye giza refu, kisha kila akifaulu giza lifupishwe. Hamtahitaji papa wala majambazi wa majini. Tafadhali msiwaingize.

Kanuni zikishakaa, ziandikeni kwenye ukurasa mmoja, tena mkubali kwamba mtaufuta mara nyingi. Kisha chagueni injini ya gemu, yaani ile programu inayowabebea kazi za msingi kama kuonyesha picha, kupokea mguso wa kidole na kutoa sauti. Godot ni ya bure kabisa na kwa gemu ya ukubwa huu inatosha. Mmoja wenu aandike msimbo, yaani maagizo ambayo simu inayafuata, mmoja achore, na wa tatu ashike sauti pamoja na kuhesabu siku, kazi ambayo kila mtu huikimbia.

Halafu malizeni usiku mmoja tu, umalizike kwelikweli: picha, sauti, kushinda, kushindwa, kila kitu. Usiku huo ndio utakaowaambia ukweli kuhusu miezi mitatu yenu. Ukiwachukua wiki tatu, gemu yenye usiku ishirini kama huo ni wiki sitini, na hata mkiupata uzoefu hamtazipunguza mpaka kumi na mbili. Eric Barone alitengeneza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, peke yake, ikamchukua zaidi ya miaka minne kabla ya kutoka mwaka 2016. Sikutishi, baba. Punguzeni usiku ziwe sita.

Kwenye kujaribu ndiko nilikokula mkate wangu, kwa hiyo nivumilie. Ili picha isikwamekwame, simu huchora mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina kama milisekunde 16 tu za kukamilika, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu yako ya Dar es Salaam itamudu. Simu ya mama ntilie wa Kibirizi, yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa video za harusi, haitamudu, na huyo ndiye mchezaji wenu. Mkiona kasoro, andikeni simu gani, mtu alifanya nini kwa mpangilio gani, na je, mkirudia inajirudia? Kasoro isiyoelezwa hivyo hairekebishiki. Wakati mwingine pia inafaa kuachwa. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders, gemu ya kupiga risasi wavamizi kutoka angani, mwaka 1978, mashine ilielemewa na wingi wa wavamizi. Kadiri walivyopigwa wakapungua, waliobaki wakaenda mbio zaidi. Akaacha iwe hivyo, na mbio zile ndizo zilizowapandisha watu mapigo ya moyo.

Itafika siku mtasema hakiongezwi kitu tena, ni kurekebisha tu. Shikeni neno hilo, hata mmoja wenu akija na wazo tamu saa sita usiku.

Kutoa kwenyewe ni makaratasi zaidi kuliko sherehe. Google Play inatoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Anzeni na Google. Akaunti mpya ya mtu binafsi inadaiwa kwanza wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuwafikia watu wote. Wajaribu wawili mmeshawapata, mimi na shangazi yako wa Ujiji. Faili liwe jepesi, bando linauma. Na wiki za mwanzo baada ya kutoka msiondoke mezani, kwa sababu watu watakutana na kasoro ambazo sisi kumi na wawili hatukuziona.

Sauti msinunue. Alhamisi nitashuka Kibirizi alfajiri, boti zikirudi, niwarekodie injini, maji yanavyopiga ubavuni na kelele za wachuuzi.

Wewe nitumie lile duara la njano kabla ya Jumamosi. Nitamkabidhi shangazi yako simu, nikupigie kwa simu ya jirani usikie anavyocheza. Akikwama, usimwambie abonyeze wapi. Nyamaza, hesabu sekunde, uandike.

Mama yako