Wachongaji wetu hawakifichi kigutu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama wasanii wa leo wanaouchunguza mwili wa binadamu kwa sanamu na filamu wanatusaidia kuuelewa, au wanatuaibisha tu. Mkaongeza: ni kazi ipi tungependa watu wa kwetu waione? Mimi ni fundi wa viungo bandia hapa Kampala. Nachukua kwa plasta umbo la kigutu, yaani sehemu ya kiungo inayobaki baada ya kukatwa, natengeneza soketi ya kukiingiza, kisha namsaidia mwenyewe kujifunza kusimama upya. Wengi wanaokuja kwetu wamepata ajali za bodaboda, au wamekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Wapo pia watu wazima kutoka kaskazini ambao walikanyaga mabomu ya ardhini wakati wa vita. Karibu wote huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza kama watatembea: suruali itaficha?

Jibu langu basi ni kwamba wanatusaidia, tena pale pale panapotuaibisha.

Pale maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere ipo sanamu ya mbao ya Mzee Francis Nnaggenda, aliyoichonga miaka ya 1980, nchi ikiwa bado inazika watu wake. Ni ya majeruhi wa vita. Mwili umepungukiwa na viungo, lakini umesimama. Nimeitazama kwa jicho la kazi yangu, na kinachonishika ni kwamba hakuna mahali mchongaji alipojaribu kuziba pengo. Mbao inakoma pale mwili ulipokoma. Hakuna kitambaa juu yake wala mkono wa mtu mwingine wa kumshikilia. Sisi mafundi tunalipwa ili pengo lisionekane, na kazi hiyo naiheshimu kwa sababu inawarudisha watu kazini na sokoni. Lakini mtu akishavaa mguu wangu, jioni lazima auvue. Saa ile anabaki na mwili wake kama ulivyo, na hakuna aliyemwambia kwamba huo nao ni mwili kamili wa kutazamwa. Nnaggenda amemwambia.

Ilinganishe na Mnara wa Uhuru pale mjini, uliochongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya pale. Ni wa 1962: mtu mzima aliyefungwa mikanda mwilini anamwinua mtoto juu. Ni kazi nzuri, na mwili ule wa matumaini ulistahili wakati wake. Miaka ishirini baadaye mwili mwingine ndio uliohitaji kuchongwa.

Anayenigusa zaidi kati ya walio hai ni Lilian Nabulime, mchongaji na mwalimu wa Makerere. Alipokuwa akifanya shahada ya uzamivu huko Newcastle, Uingereza, utafiti wake ulihusu namna sanamu zinavyoweza kufungua mazungumzo kuhusu maisha ya wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Aliunda viungo vya uzazi vya kike na vya kiume kwa sabuni inayopenyeza mwanga, na ndani yake akatia mbegu ziwakilishe virusi. Najua wapo watakaosema hayo ni matusi. Nawaomba wafikirie kwanza. Tangu ugonjwa ulipojulikana kule Rakai, kusini mwa nchi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, shida yetu kubwa imekuwa kwamba mtu huonekana mzima huku anaumwa, na mke hana namna ya kuanza kumwuliza mume wake. Sabuni ipo katika kila nyumba. Inashikwa kila siku, na hakuna anayeiogopa. Ukiiweka kwenye mwanga unaziona mbegu. Ukiitumia inapungua na mbegu zinakaribia ngozi yako. Mabango ya zamani yalitutisha kwa mafuvu, tukayapita. Kitu unachokishika mkononi huwezi kukipita. Sijui njia nyingine ya kuanzisha maongezi hayo jikoni bila kumvunjia mtu heshima.

Leilah Babirye naye alisoma Makerere, akalazimika kuondoka nchini mwaka 2015 baada ya magazeti kumtangaza kuwa shoga, na sasa anaishi New York. Vichwa vyake vikubwa vya mbao na udongo, ambavyo huvipa majina ya koo za Buganda, amevivika minyororo ya baiskeli, makopo, misumari na mipira ya magurudumu: vitu vilivyotupwa. Mwaka 2024 vilionyeshwa Venice. Fundi yeyote ataona kwamba viungio vyote ameviacha wazi. Inaniuma kwamba Waitaliano waliviona na sisi hatukuviona.

Kuhusu filamu nitasema juu ya moja tu, *Out of Blue* ya Zarina Bhimji, iliyotoka 2002. Bhimji alizaliwa Mbarara 1963, na familia yake ni miongoni mwa Waasia waliolazimika kuondoka baada ya amri ya Idi Amin ya 1972. Kwa dakika kama 24 kamera yake inatembea Uganda na karibu hatuoni mtu: nyasi zinazoungua, majengo matupu, kambi za askari, vyumba vya mahabusu, uwanja wa ndege. Tunasikia sauti za watu, ndege na wadudu. Mtu anaweza kuniuliza mwili uko wapi hapo. Mwili ndio unaokosekana, na kila ukuta unaonyesha ulipoegemea. Kwa wagonjwa wangu hilo halihitaji maelezo, maana wengi wanahisi maumivu katika mguu ambao haupo tena.

Sasa swali lenu la pili. Filamu ile ningependa ionyeshwe Mbarara, wazee walioishi mwaka ule wa 1972 wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza. Lakini kama ni kuchagua moja, nachagua ya Mzee Nnaggenda, na haina haja ya kuhamishwa. Iko maktabani, wanapofika wanafunzi na walimu, wakati watu iliochongwa kwa ajili yao hawana sababu ya kwenda huko. Naiomba Makerere iwakaribishe watu waliokatwa viungo, hata kwa kundi moja, wakae nayo asubuhi nzima. Usafiri tutautafuta mimi na wenzangu wa karakana. Na waruhusiwe kuigusa.