Kabla ya andiko la mradi, nenda kwa muuza mkaa

Mashine ililetwa na Fuso, imefunikwa turubai la bluu, na sisi wanakikundi tukapiga nayo picha kabla hata haijashushwa. Ilikuwa ya kutengeneza mkaa mbadala, ule wa kufinyanga kwa mabaki kama vumbi la mkaa au pumba, tumepewa na mfadhili tuliyempelekea andiko la kurasa 38. Siku ya tatu akaja fundi umeme, akazunguka nyuma ya mota, akasoma kile kibati, kisha akauliza, "Hapa mna njia tatu?" Alimaanisha umeme wa njia tatu, ule wa kuendeshea mota kubwa. Hatukuwa nao. Mtaa wetu wote hapa Morogoro ulikuwa na umeme wa njia moja. Mashine ikakaa chini ya mwembe miezi 14, na kuku wakatagia humo.

Zile kurasa 38 niliziandika mimi. Nilieleza misitu ya Uluguru, nikaeleza moshi jikoni, nikaeleza ajira kwa kina mama. Sikuandika popote kwamba nimekaa na mtu anayepika kila siku nikamuuliza anapikia nini.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi, "Kaka, nina wazo la kusaidia jamii, nipate wapi mfadhili?", huwa namrudisha nyuma kidogo. Ubunifu wa kijamii ni jina lililovaa suti, lakini jambo lenyewe tunalijua. Ni njia mpya ya kuondoa shida ya watu wengi, na faida yake kubwa wakabaki nayo watu hao hao. Vikundi vya hisa ni mfano mzuri. Lile sanduku la kufuli tatu, ambalo kila ufunguo anakaa nao mtu wake, lilitokana na kazi ya shirika la CARE na wanawake wa Niger mwaka 1991. Wanawake wale walikuwa na upatu wao tangu zamani. Kilichoongezwa ni hisa, mikopo midogo na siku ya kugawana. Leo ukienda kijijini kwetu utalikuta sanduku hilo, na hakuna anayeliita mradi.

Baada ya aibu ya mashine nilianza kupita kwa mama mmoja muuza maharage na chapati, hatua chache kutoka ule mwembe. Alfajiri nilimkuta ameinamia beseni. Vumbi la mkaa alikuwa analichota chini ya magunia kwa muuza mkaa, analichekecha, analikanda na uji wa unga wa muhogo, kisha anafinyanga madonge na kuyaanika juu ya bati. Anafanya hivyo miaka nenda rudi. Nilipomwambia nasi tunatengeneza mkaa kama huo alicheka, akaniambia, "Mwanangu, huu nachemshia maharage. Chapati siupikii, moto wake unachelewa kuamka."

Sentensi hiyo ilikuwa na maana kuliko andiko langu lote. Ilituambia mteja wetu ni nani (anayechemsha vitu vya muda mrefu: maharage, makande, supu), na nani tusijisumbue naye. Ilituonyesha pia malighafi iko wapi, maana mimi nilikuwa nimeweka bajeti ya kusafirisha pumba za mpunga kutoka mbali.

Nikisema rasilimali za kuanzia ubunifu wa namna hii, basi, naanza na huyo mama. Ya pili ni fedha zenu wenyewe. Tulianza kuweka hisa kila Jumamosi, na tulipokosea hesabu tulikosea kwa fedha zetu, tukagombana wenyewe, tukarekebisha. Andikeni kila kitu: muhtasari wa kikao, nani hakuja, magunia mangapi yametoka. Daftari letu lina madoa ya mkaa, lakini ndilo afisa maendeleo ya jamii wa kata alilotaka kuliona tulipokwenda kujisajili.

Usajili huo usiupuuze. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, narudia, si ruzuku. Nimeona vikundi vikiununulia vitenge vya sare. SIDO nako, shirika la serikali la viwanda vidogo, nendeni mkiwa na bidhaa mkononi, watawasaidia mafunzo na vifungashio. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019 na ambayo Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) inashiriki kuyaendesha, yanafaa kama mna kitu cha kushikika. Kama ni wazo tu, subirini.

Kuna rasilimali nyingine ambayo watu hawaihesabu: taasisi iliyo jirani yako yenye ujuzi ambao wewe huna. Hapa kwetu kuna APOPO, wale wa panya buku. Mbelgiji Bart Weetjens alikuwa na wazo kwamba panya anaweza kunusa mabomu ya ardhini, na uzito wake ni mdogo mno kulipua. Kazi hiyo ilipohamia Morogoro mwaka 2000 ilikuta Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kina watu waliokuwa wakiwajua panya kwa sababu ya kuwazuia mashambani. Ujuzi wa kumpiga vita panya ukawa wa kumfundisha kazi. Magawa, mmoja wao, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Nasi tulikwenda SUA kwa jambo dogo kuliko hilo, kuuliza kiasi cha uji wa muhogo, na tulipokewa vizuri.

Mfadhili tulimwandikia tena, safari hii kurasa mbili, tukikiri kosa na kuomba ruhusa ya kuiuza mashine. Alikubali. Ikanunuliwa na mwenye karakana ya mbao aliye na njia tatu. Fedha tukampa fundi wa kuchomelea, akatutengenezea ya kuzungusha kwa mkono. Mpini ulikatika mara mbili. Wa sasa ameuchonga kwa ekseli ya gari bovu, na yule mama wa maharage ndiye aliyeujaribu kwanza. Akasema uko juu mno kwa mtu mfupi, ukapunguzwa.