Timu Nyingi, Mfuko Mdogo: Maswali Yenu Kuhusu Michezo ya Vyuo Vidogo Marekani

Barua za safari hii karibu zote zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: chuo kidogo cha Marekani chenye timu lukuki kinajuaje kama michezo inakijenga au inakifilisi? Tumechagua nne. (NCAA inayotajwa humu ni chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani; Divisheni ya Kwanza ndiyo ya juu, ya Tatu ndiyo ya chini.)

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nipo kwenye kamati ya bajeti ya chuo binafsi chenye wanafunzi wapatao 1,200, Divisheni ya Tatu ya NCAA. Ripoti yetu ya michezo inaonyesha mapato dola 4,812,300 na matumizi dola 4,812,300. Mkurugenzi wa michezo anasema idara yake inajilipia. Ni kweli? (Mjumbe wa kamati, Ohio)

JIBU: Ndugu mjumbe, tarakimu mbili zikilingana hadi dola ya mwisho, ujue kuna mtu amezilinganisha. Ripoti hiyo huitwa EADA, kifupi cha jina la sheria ya 1994 inayoidai, Equity in Athletics Disclosure Act. Kila chuo cha wanaume na wanawake chenye timu, na ambacho wanafunzi wake hupata misaada ya masomo ya serikali kuu, lazima kiwe nayo ifikapo 15 Oktoba kila mwaka, na yeyote anayeiomba apewe. Tatizo ni kwamba inaruhusu chuo kuandika fedha zake chenyewe kama mapato ya idara. Mhasibu anajumlisha viingilio, michango na mauzo ya fulana, anatazama pengo lililobaki, analijaza kwa "msaada wa chuo", basi. Hakuna aliyedanganya, lakini pia hakuna aliyejilipia.

Omba leja ya idara. Katika mapato, futa mistari mitatu: fedha zilizotoka mfuko mkuu wa chuo, ada ya michezo anayotozwa kila mwanafunzi, na thamani ya misamaha ya ada. Kinachobaki ndicho kilichotoka nje, na kwa chuo kama chenu kitakuwa kidogo sana.

Kwenye matumizi fanya kinyume chake: rudisha yaliyofichwa kwenye bajeti za wengine. Kocha anayelipwa nusu mshahara na idara ya elimu ya viungo. Deni la jengo la mazoezi linalolipwa na ofisi ya fedha. Umeme wa taa za uwanjani. Bima nayo itazame kwa makini: bima ya NCAA ya majeraha makubwa huanza kulipa baada ya gharama kupita dola 90,000, hivyo kila kilicho chini ya hapo kinabebwa na bima ya familia ya mchezaji au bima ya chuo, na sehemu ya chuo mara nyingi huandikwa kwenye zahanati ya wanafunzi.

Halafu kuna uchakavu, ambao vyuo vidogo hupenda kuusahau kuliko vyote. Zulia la nyasi bandia hudumu miaka 8 hadi 12. Tuseme kulibadilisha ni dola 600,000: huo ni mzigo wa dola 60,000 kila mwaka kwa miaka 10, hata katika mwaka ambao hakuna hundi iliyoandikwa. Bila akiba hiyo, mwaka wa kumi mtakopa, na deni litaitwa "dharura".

Ukimaliza utapata hasara kubwa kwenye karatasi. Usikimbilie kuifunga idara. Divisheni ya Tatu haitafuti riziki mlangoni mwa uwanja; kama ina faida, faida hiyo imeandikwa kwenye hesabu za ofisi ya udahili. Hilo ndilo tunalolijibu kwa kirefu hapa chini.

SWALI: Mshauri ameuambia uongozi wetu kwamba tukianzisha futiboli ya Kimarekani tutapata wanafunzi 100 wapya, kila mmoja akiingiza dola 18,000 baada ya punguzo la ada, yaani dola 1,800,000 kwa mwaka. Tuna wanafunzi 1,200, wanawake asilimia 55. Hesabu hii mnaionaje? (Mhadhiri, Pennsylvania)

JIBU: Tunaiona haijamaliza kuhesabiwa. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Vyuo vingi vidogo vinaishi kwa namna hiyo, na wachezaji wakiwa theluthi ya wanafunzi wote si ajabu. Ila ile 1,800,000 inapaswa kupita kwenye chujio kadhaa kabla ya kuingia kwenye bajeti.

La kwanza ni nani angekuja hata bila timu. Vijana kadhaa wa jirani wanaocheza futiboli tayari wako kwenye orodha yenu ya waombaji. Tuseme ni 25 kati ya 100. Wamebaki 75.

La pili ni punguzo. Dola 18,000 ni ada iliyotangazwa ya dola 40,000 ukitoa asilimia 55, yaani wastani wa chuo kizima. Mchezaji anayewindwa na vyuo vitano huvuta punguzo kubwa zaidi. Divisheni ya Tatu hairuhusu ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, lakini misaada ya ufaulu na ya mahitaji ipo, na makocha wanajua njia ya kwenda ofisi ya misaada hiyo. Mwombe mhasibu akupe wastani wa ada halisi inayolipwa na wachezaji wenu wa sasa, timu kwa timu. Ikiwa punguzo lao ni asilimia 62, kila mmoja anaingiza dola 15,200, na vijana 75 wanaleta dola 1,140,000. Tayari dola 660,000 zimeyeyuka na hata mpira haujanunuliwa.

Sasa matumizi. Futiboli haichezwi na kocha mmoja na msaidizi: inataka kocha mkuu, waratibu wa mashambulizi na ulinzi, wasaidizi wengine kadhaa, na wahudumu wa tiba ya michezo wa ziada. Helmeti hupelekwa kiwandani kukaguliwa na kukarabatiwa, na viwanda hivyo havipokei helmeti iliyozidi miaka 10. Mechi moja ya ugenini ni mabasi mawili, milo ya watu 80 na pengine usiku wa hoteli. Ongeza vyumba vya kubadilishia nguo, mashine za kufulia, kamera za kurekodi mazoezi. Andika kila kitu kwa bei mliyopewa na wauzaji wenyewe. Makadirio ya mshauri yawekeni pembeni.

Kisha kubaki chuoni, na hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Uwanjani wanaingia 11. Katika kikosi cha 100, zaidi ya nusu watakaa benchi msimu mzima, na kijana wa mwaka wa kwanza asiyegusa mpira ana sababu ndogo ya kurudi mwaka wa pili. Ukisaka 55 kila mwaka na 30 tu wakarudi, unalipia nauli za makocha kwa watu 55 na kuvuna ada ya miaka mingi ya 30. Vyuo vinavyofanya vizuri hupanga mechi za kikosi cha pili ili kila kijana avae jezi siku ya mechi. Mwulize mshauri ameweka asilimia ngapi ya wanaorudi. Kama ameweka ile ya chuo kizima, mrudishie karatasi yake.

Mwisho ni jinsia. Sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, maarufu Title IX, ina njia tatu za kuonyesha kuwa nafasi za michezo ni za haki: uwiano wa wachezaji ufanane na uwiano wa wanafunzi, au chuo kionyeshe historia ya kuendelea kupanua michezo ya jinsia iliyoachwa nyuma, au kithibitishe kwamba matakwa na uwezo wa jinsia hiyo vimetimizwa kikamilifu. Tuchukue njia ya uwiano. Mna wanawake 660 na wanaume 540. Tuseme leo mna wachezaji 300 wanaolingana na uwiano huo: wanawake 165, wanaume 135. Futiboli inaleta wanaume 100 uwanjani, 75 kati yao wakiwa wapya chuoni. Wanaume chuoni sasa ni 615, wachezaji wanaume 235. Ili wanawake walingane wanatakiwa wachezaji 252, yaani nafasi 87 zaidi. Hiyo ni kama zote zitajazwa na wasichana ambao tayari mnao. Mkiwasaka wote kutoka nje, kila msichana mpya anaongeza pia idadi ya wanawake chuoni, na hesabu inapanda hadi 141. Hizo ni timu nne au tano mpya, kila moja na kocha wake na mabasi yake. Nazo zinaweza kuleta ada kama futiboli, pengine vizuri zaidi kwa sababu gharama yake kwa kila mchezaji ni ndogo; kwa hiyo waambieni wapige hesabu ya mpango mzima, si ya futiboli peke yake.

Na kama mna shaka kwamba chujio hizi ni za kuwakatisha tamaa: zipitisheni pia kwenye timu mlizo nazo. Mbio za nyika, zenye kocha mmoja na viatu, mara nyingi hushinda mashindano haya kwa mbali.

SWALI: Naandikia gazeti la wanafunzi. Nimeona timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu imeandikwa wachezaji 26 kwenye ripoti ya EADA, ilhali kwenye benchi huwa 14. Hao 12 wako wapi? (Mwanafunzi, Connecticut)

JIBU: Swali zuri, na jibu linaweza kuwa halali kabisa. Maelekezo ya EADA yanataka wanaume wanaofanya mazoezi na timu ya wanawake wahesabiwe kama washiriki wa timu hiyo. Tazama maelezo madogo chini ya jedwali, wakati mwingine yametajwa hapo. Pia hesabu hupigwa siku ya mechi ya kwanza, hivyo aliyeacha wiki ya pili bado yumo. Mkimbiaji mmoja naye huonekana mara tatu: nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje. Ndiyo maana kuna mstari wa idadi isiyorudiwa. Anza na huo.

Lakini mbinu chafu zipo, na jimboni kwenu kuna kesi inayojulikana. Mwaka 2009 Quinnipiac University ilitaka kufuta voliboli ya wanawake na kuweka ushangiliaji wa mashindano. Ushahidi ulionyesha timu za wanaume zikipunguza majina kabla ya siku ya kuhesabu na kuyarudisha baadaye, na za wanawake zikifanya kinyume. Mwaka 2010 jaji wa shirikisho aliamua kwamba ushangiliaji ule haukuwa umefikia kuhesabiwa kama mchezo wa chuo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2012.

Chukua orodha ya kikosi kwenye tovuti ya timu, takwimu za mechi zote za msimu, na ripoti ya EADA ya mwaka huohuo. Jina ambalo lipo siku ya kwanza na halimo kwenye picha ya timu wala mechi yoyote, liulizie. Fanya hivyo kwa timu za wanaume pia, na kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja unaweza kuwa ajali ya majeraha.

SWALI: Chuo chetu kidogo kiko Divisheni ya Kwanza. Kushuka hadi ya Tatu kutaokoa fedha za ufadhili wote wa wachezaji, sivyo? (Mhitimu, New York)

JIBU: Sehemu tu. Ufadhili wa ada hautoki benki. Ni ada ambayo chuo hakikuitoza. Ukimfutia ufadhili mchezaji naye akaondoka, hujaokoa chochote mpaka kiti chake akikalie mtu anayelipa. Fedha taslimu unazookoa ni mishahara ya makocha, ndege, chakula na usakaji wa wachezaji. Na walioahidiwa ufadhili kwa kawaida huachwa wamalize masomo nao, hivyo miaka ya mwanzo bajeti haipungui sana.

Hata hivyo sababu za kushuka zinazidi. University of Hartford iliamua hivyo Mei 2021, miezi miwili baada ya timu yake ya wanaume ya kikapu kucheza mashindano makuu ya NCAA kwa mara ya kwanza. Saint Francis ya Pennsylvania ilitangaza uamuzi kama huo Machi 2025, siku chache tu baada ya kutoka kwenye mashindano hayohayo. Wengi walishangaa, lakini mgawo wa fedha za mashindano hayo hulipwa kwa ligi, kidogokidogo kwa miaka 6, ndipo ligi igawe. Juu ya hapo, makubaliano ya mahakama ya 2025 yameruhusu vyuo vya Divisheni ya Kwanza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa msimu wa 2025/26. Chuo chenu hakitafika huko, lakini kitacheza na watakaofika.

Kabla ya kushuka, angalieni idadi ya michezo. Divisheni ya Kwanza inataka isiyopungua 14. Ya Tatu inataka mitano ya wanaume na mitano ya wanawake kwa chuo chenye wanafunzi 1,000 au pungufu, na sita kwa sita kikizidi hapo. Kwa hiyo swali la pili litakuja lenyewe: zile timu mbili au zaidi zilizobaki juu ya kiwango, zinaleta wanafunzi wangapi wanaolipa? Timu yenye wachezaji 9 na kocha wa kudumu itajibiwa tofauti na yenye 40 na kocha huyohuyo mmoja, na jibu hilo liandaliwe kabla ya tangazo, kwa sababu wachezaji watalidai asubuhi ileile.