Re: Michungwa inatoa gundi, nibebeshe kwenye shina gani?
Pole sana ndugu yangu wa Mpunguzi. Gundi ikitoka karibu na udongo, na ukikwangua gome unakuta kahawia, mara nyingi hiyo ni fitoftora, ugonjwa wa kuoza shina na mizizi unaoenezwa na vimelea vya udongoni. Ukibebesha mchungwa kwenye shina la mlimao, shina hilo linavumilia ukame wetu, lakini ugonjwa huu hulionea mno.

Shina jingine la kubebeshea, liitwalo Swingle, lilipatikana Marekani mwaka 1907, balungi lilipochavushwa na mchungwa wa majani matatu. Linahimili fitoftora na hata tristeza, ugonjwa wa virusi wa michungwa. Ila kwenye udongo wenye chokaa majani hugeuka njano, mishipa ikabaki kijani, kwa hiyo pima pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kabla hujanunua mche hata mmoja! Shina lolote utakalochagua, kikonyo (kipande cha mchungwa unachobebesha) kikae juu, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, na maji ya kumwagilia yasituame shinani.